Uyoga wa kulevya si mmoja: upi maruweruwe, upi kuweweseka, upi ini

Vuli iliyopita mpwa wangu alinijia dukani, Ngamiani, simu mkononi. Nauza dawa hapa Tanga, kwa hiyo kila mwenye jambo la kumeza huanzia kwangu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, umetoka chuo lini?" La chuo hakulijibu. Akanigeuzia kioo cha simu: pakiti ya peremende laini, imechorwa uyoga mwekundu wenye madoa meupe, na chini yake maelezo marefu ya silosibini, yaani kemikali ya uyoga inayoleta maruweruwe, utafiti wa vyuo vikuu, tiba ya msongo wa mawazo. Akafungua na nyingine, chokoleti yenye picha ya uyoga wa kahawia. "Mjomba, kati ya hizi ipi nzuri? Kuna mwenzangu anaagiza."

Nikamwambia picha na maandishi ya ile ya kwanza havijuani. Uyoga mwekundu wa madoa hauna silosibini. Ni kama kununua kopo lenye picha ya dagaa lililoandikwa maziwa. Akacheka, lakini swali lilikuwa la kweli, na tangu siku ile nimeulizwa na watu wengine wanne, mmoja wao mzee mwenye wajukuu. Basi nauweka hapa ulinganisho kama nilivyomwekea yeye juu ya kaunta. Kipimo cha kumeza hamtakiona. Yeye mwenyewe sikumpa.

Kiswahili kimetutangulia katika jambo hili. Kuna mtu anayeona maruweruwe: macho yako wazi, jina lake analijua, ila ukuta unapumua na rangi za kanga zinatembea. Na kuna mtu anayeweweseka: hayupo, anazungumza na asiowaona, kesho yake hakumbuki. Wauzaji wa mtandaoni wanayatia yote mawili katika neno moja, nao wanasayansi imewachukua miongo kadhaa kuyatenganisha kwenye chupa zao.

Ukoo wa maruweruwe

Uyoga wenye silosibini ni aina nyingi, zaidi ya mia moja, na wengi wao wako katika jenasi ya Psilocybe. Anayetajwa zaidi ni Psilocybe cubensis, aliyeandikwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi huko Kuba mwaka 1906, naye huota kwenye samadi ya ng'ombe katika nchi za joto. Ulaya wana Psilocybe semilanceata, mdogo, kofia yake imechongoka, wa malisho ya nyasi zenye ubaridi. Pwani ya magharibi ya Marekani ina Psilocybe azurescens na Psilocybe cyanescens, wanaokula mbao zilizooza. Kisha kuna Panaeolus cyanescens, wa samadi pia, mwembamba, wa ukanda wa tropiki. Afrika nayo imo: miaka ya karibuni wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza Psilocybe maluti, ambaye waganga wa Kibasotho wa Lesotho wanasemwa kumtumia, na akatangazwa pia Psilocybe ochraceocentrata wa kusini mwa Afrika, ndugu wa karibu kabisa wa yule wa Kuba.

Sasa kemia. Silosibini yenyewe hailevyi. Ina kipande cha fosfati kilichobandikwa, na mpaka kimeng'enya cha utumbo na ini kikibandue ndipo inakuwa silosini, na silosini ndiyo inayopenya kwenye ubongo. Huko inakaa katika vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo ya kupelekeana habari, hasa kile kinachoitwa 2A, kwa kuwa umbo lake linafanana na serotonini yetu wenyewe. Hili lilithibitishwa kwa njia ya kupendeza Zurich mwaka 1998: watu walipewa kwanza ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho, kisha silosibini, na maruweruwe hayakuja. Uyoga unaitengeneza kutokana na triptofani, kitu hicho hicho kilichomo kwenye mayai na samaki, kwa vimeng'enya vichache tu ambavyo maabara ya Jena, Ujerumani, ilivieleza mwaka 2017.

Aliyeitoa silosibini ndani ya uyoga ni mkemia Albert Hofmann wa Basel, mwaka 1958. Uyoga alioutumia ulioteshwa Paris na Mfaransa Roger Heim, na jina la Heim tunalo huku kwetu bila kujua. Mwaka 1942 yeye ndiye aliyeiunda jenasi ya Termitomyces, uyoga wa kichuguu, ule tunaoupika kwa nazi. Nitaurudia.

Mpwa wangu alikuwa amesoma kwamba aina hii "inafungua moyo" na ile "inatoa hekima". Hapo ndipo ninapogombana na wauzaji. Molekuli ni ile ile. Kinachotofautiana kwa kweli kati ya aina na aina ni wingi wake, na uwiano wa silosibini kwa silosini. Cubensis mkavu huwa na kati ya nusu na asilimia moja hivi ya uzito wake. Semilanceata hukaribia asilimia moja, wengine wakivuka, na silosini yake ni kidogo sana. Azurescens amepimwa akiwa na asilimia 1.78. Panaeolus cyanescens anajulikana kwa kuyumba, na kwa kuwa na silosini nyingi, ambayo haidumu. Hewa na joto la kukaushia vinaiharibu. Lakini namba hizi zisimdanganye mtu. Uyoga mmoja na jirani yake walioota pamoja huweza kupishana mara kadhaa. Kwa mtu aliyezoea vidonge vyenye miligramu zilizoandikwa, hiyo ni bahati nasibu.

Kuna ndugu wadogo ndani yake pia, baeosistini na norbaeosistini, na mwingine anaitwa aeruginasini. Watu wanawasifia kwamba ndio wanaobadilisha ladha ya safari. Baeosistini ilijaribiwa kwa panya mwaka 2020, na ile dalili ya kutikisa kichwa wanayoionyesha panya wakipewa vitu vya jamii hii haikuonekana. Kwa hiyo sifa ni nyingi kuliko ushahidi.

Tofauti moja ya aina ambayo naiona ya kweli ni ya wale wanaoota kwenye mbao. Watu waliokula azurescens na wenzake wameeleza miguu na mikono kukosa nguvu kwa saa kadhaa, wengine wakianguka au kushindwa kumeza vizuri. Kwa wale wa samadi, kama cubensis, jambo hilo halitajwi hivyo.

Rangi ya buluu nayo ielezwe, kwa kuwa vijana wanaifanya cheti. Uyoga wa silosibini ukiujeruhi hugeuka buluu, kwa sababu silosini inaungana na oksijeni na molekuli zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe kuwa kama wino. Ni kweli. Ila kuna uyoga mwingine, wa matundu badala ya mikunjo chini ya kofia, unaogeuka buluu kwa kemikali tofauti kabisa, na baadhi yake unaumiza tumbo vibaya. Buluu si cheti cha kitu chochote.

Athari zake: huanza dakika 20 mpaka 40 baada ya kumeza, hufika kileleni ndani ya saa moja na nusu hivi, na huisha kati ya saa 4 na 6. Mboni zinapanuka, moyo unaenda mbio kidogo, wengi wanachefukwa. Wakati unanyooka, muziki unaonekana, mambo ya zamani yanafufuka, na si yote mazuri. Kwa sumu ya mwili huyu ni mpole. Mtu mzima mwenye afya hafi kwa silosini kirahisi. Hatari yake iko kwingine. Mtu anayedhani anaweza kuvuka barabara ya Pangani wakati magari yanapita. Mtu ambaye kwao kuna ugonjwa wa skizofrenia au wa kubadilika hisia kupita kiasi, akaamshwa kilichokuwa kimelala. Mtu anayetumia litiamu, dawa ya ugonjwa huo wa hisia, ambako degedege limeripotiwa. Na anayemeza dawa za sonona za kila siku hukuta stimu imepungua, akadhani amepunjwa, akaongeza.

Mwekundu wa madoa

Huyu ndiye wa kwenye pakiti, wa vitabu vya watoto wa Ulaya, Amanita muscaria. Ana binamu wa kahawia, Amanita pantherina, mwenye nguvu zaidi. Kemia yake haina undugu na ya kwanza. Ana asidi ya iboteni, inayoiga glutamati, kemikali inayouamsha ubongo. Na ana muskimoli, inayoiga GABA, kemikali inayouzima. Ukikausha au kupasha moto, asidi ya iboteni inapoteza kaboni dayoksidi yake na kuwa muskimoli. Kwa hiyo mbichi na mkavu ni kama uyoga wawili, na mlaji hajui amepata kiasi gani cha kukanyaga mafuta na kiasi gani cha kufunga breki.

Matokeo ni kuweweseka. Nusu saa mpaka saa 2 baada ya kula mtu anayumba kama aliyekunywa gongo, misuli inarukaruka, anapandisha fujo kisha anasinzia, anaamka tena, anasema maneno yasiyo na kichwa, na mwisho analala usingizi mzito ambao kumwamsha ni kazi. Inaweza kuchukua siku nzima. Watoto hupata degedege. Vifo ni nadra, lakini sijaona ni wapi hapo panapoitwa starehe. Wakoryak wa Siberia waliutumia kwa karne nyingi, wakijua kwamba muskimoli hutoka kwenye mkojo bila kubadilika, hivyo mkojo wa aliyekula ulimlevya wa pili. Mpwa wangu alipolisikia hilo alizima simu kwa muda.

Kuna kosa la zamani kuhusu uyoga huu ambalo bado linatembea hata kwenye vitabu vya wauguzi. Mwaka 1869, katika mji ambao leo ni Tartu, Estonia, wanasayansi wawili walitoa ndani yake kemikali wakaiita muskarini kwa jina la uyoga wenyewe. Ikadhaniwa ndiyo inayolevya, na tiba ikawa atropini, dawa inayoipinga muskarini. Kumbe muskarini iliyomo ni chembe tu, na atropini huweza kumzidishia mgonjwa kuweweseka. Makao halisi ya muskarini ni uyoga mdogo wa kahawia wa jenasi ya Inocybe na ule mweupe wa Clitocybe: ndani ya saa moja au mbili mgonjwa anatoka jasho jingi, mate, machozi, mapigo ya moyo yanashuka. Huyo ndiye anayefaa kupewa atropini. Maruweruwe haoni hata moja.

Huku pwani mwekundu hamumkuti. Anaishi kwa kushikana na mizizi ya misonobari na miti ya nchi za baridi, akiipa madini na kupewa sukari. Ilikopelekwa misonobari, Afrika Kusini, Australia, New Zealand, naye alifuata na miche. Mtu wa Shume, kule Lushoto kwenye mashamba ya misonobari, ana sababu ya kumjua kuliko mtu wa Raskazone hapa Tanga.

Kisheria pia wametengana. Silosibini na silosini zimo katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazobadili akili, na Tanzania ni mwanachama. Anayeagiza anacheza na sheria ya dawa za kulevya ya 2015, ambayo haina utani. Muskimoli haimo kwenye mkataba huo. Ndiyo maana pakiti nyingi zina mwekundu: wanauza jina la mmoja na mwili wa mwingine. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya chokoleti na peremende za namna hii baada ya wengi kulazwa, baadhi wakiwa na degedege. Maabara ilikuta muskimoli, na kwa nyingine ikakuta asetilisilosini iliyopikwa kiwandani, na hata pregabalini. Hiyo pregabalini ninayo hapa dukani, nyuma ya kaunta, ni dawa ya kifafa na maumivu ya neva. Ilifuata nini ndani ya chokoleti?

Asiyelevya, anayeua

Sehemu hii mpwa wangu hakuniuliza, na ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu zaidi.

Kuna uyoga mdogo wa kahawia unaoota kwenye mbao zilizooza, Galerina marginata, mahali pale pale wanapoota wale wa mbao wa Psilocybe. Huota hata bega kwa bega kwenye gogo moja. Ndani yake mna amatoksini, sumu ile ile ya Amanita phalloides wa Ulaya, ambaye kofia yake moja inatosha kumzika mtu mzima. Sumu hii inaziba kimeng'enya ambacho seli inakitumia kunakili maagizo ya jeni zake. Seli isiyoweza kunakili haitengenezi protini, na ini, ambalo kazi yake haina mapumziko, ndilo linaloanza kufa. Kupika hakusaidii, kukausha hakusaidii, kugandisha hakusaidii.

Kinachonitisha ni saa zake. Anayekula silosibini anajua ndani ya saa moja. Anayekula amatoksini hajui kitu kwa saa 6, 12, hata zaidi. Amelala, ameamka, ameenda kazini. Ndipo kuhara na kutapika kunamshika kama kipindupindu. Siku ya pili anapata nafuu, watu wanasema alhamdulillahi, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa manjano. Wale waliozoea kusema "nimekula nusu nikasubiri, sikuona kitu, nikamalizia" wangetakiwa kuyasoma maneno haya mara mbili.

Basi uchague upi

Inategemea unatafuta nini.

Kama ni tiba ya sonona iliyokataa dawa nyingine, katika wote hawa silosibini peke yake ndiyo yenye utafiti wa maana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuwa na watu 233, na waliopewa miligramu 25 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa miligramu 1 walipopimwa wiki ya tatu, ingawa nafuu hiyo ilipungua kadiri wiki zilivyopita, na wapo waliopata mawazo ya kujidhuru. Australia tangu Julai 2023 imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuiandika. Lakini angalia kilichotumika katika utafiti huo: ni unga safi uliotengenezwa maabara, kipimo kinajulikana, mgonjwa amechujwa, na kuna mtu aliyesomea amekaa kando yake siku nzima. Uyoga haukuwamo kabisa, sembuse peremende. Anayekuletea pakiti na kukutajia utafiti huo amekuuzia sifa za mtu mwingine. Kwa huku, mwenye sonona aende kliniki ya akili ya hospitali ya mkoa. Dawa zilizopo si kamili, ila zina jina na kipimo.

Kama ni udadisi tu, sina wa kukupendekezea. Nikilazimishwa kupanga, mwekundu wa madoa namweka chini ya silosibini kwa kila kigezo ninachokijua: kipimo chake hakitabiriki, mtu hupotea fahamu badala ya kuona, na muda ni mrefu. Kilichokaushwa bila jina kutoka kwa mtu wa mtandaoni kiko chini ya wote wawili, kwa sababu hata mimi mwenye mizani na vitabu siwezi kukuambia kama ni cubensis au Galerina kikiwa kimeshasinyaa.

Na kama ni uyoga wa kula, hapo nina maoni makali. Nilimpeleka mpwa wangu soko la Mgandini kwa bibi mmoja anayeuza uyoga wa kichuguu mvua zikianza. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, leo nimebakiwa na mafungu matatu." Nikamwomba amweleze kijana anaujuaje. Hakutaja kitunguu kugeuka cheusi wala kijiko cha fedha, na nilifurahi, maana vipimo hivyo ni hadithi. Amatoksini haigeuzi kitunguu rangi. Alisema: "Naung'oa na mzizi wake. Mzizi ukienda chini mpaka kwa mchwa, ni wenyewe. Ukiishia juu juu, namwachia shetani." Heim wa Paris asingekuwa na la kuongeza sana. Mchwa wanaulisha uyoga huo majani waliyoyatafuna, nao unawameng'enyea, na ule mzizi mrefu ndio njia yake ya kupanda kutoka kwenye bustani yao.

Anayechanganywa zaidi na huyo wa kichuguu kwenye nyasi za viwanjani ni Chlorophyllum molybdites: mkubwa, mweupe wenye magamba ya kahawia, ana pete shingoni, na akikomaa mikunjo ya chini inaingia kijani. Kijani hicho ni vumbi la spora zake. Hauui kwa kawaida, ila ndani ya saa chache utatapika mpaka uione nyongo. Asiye na bibi wa kumwongoza anunue uyoga wa mamama kwa mkulima anayeotesha kwenye mifuko ya pumba. Ladha yake imepoa kidogo ukilinganisha na wa kichuguu, sikatai.

Likitokea la kutokea, tazama saa kabla ya kutazama dalili. Tumbo lililoanza ndani ya saa mbili tatu baada ya kula mara nyingi lina mwisho mwema, japo hospitali ni lazima. Tumbo lililosubiri saa 6 na kuendelea linakwenda hospitali ya Bombo usiku ule ule, hata kama mgonjwa anasema amepata nafuu, na waliokula naye wote waende hata kama hawaumwi. Usimpe maziwa wala maji ya chumvi. Chukua mabaki ya mboga na uyoga mbichi uliobaki, mzima na mzizi wake, uutie kwenye mfuko wa karatasi au uufunge kwa gazeti. Kwenye mfuko wa plastiki unaoza kabla hujafika, na daktari atabaki kuangalia uji wa kahawia.